Shela, nilipofundishwa kutoa pumzi

Baada ya baba kufariki kifua changu kilikua kimebana, hospitali wakapima moyo wakasema uko sawa, presha sawa, lakini usiku naamka ghafla natafuta hewa. Dadangu ndo akanishika mkono tukaenda Lamu, kwenye lile tamasha la yoga la kijiji cha Shela lililoanza 2014.

Yoga mi nilikua naijua ya kwenye picha tu, mtu kasimama kwa kichwa. Darasa letu lilikua darini, chini ya makuti, sakafu ya chokaa baridi asubuhi ile, na mwalimu, dada mmoja wa Nairobi, akasema leo hatupindi mwili, tunasimama tu. Pozi yenyewe inaitwa Tadasana, yaani mlima. Akatwambia tushuke kwenye mkeka, tuinue vidole vyote vya miguu, tuvitandaze, alafu tuvirudishe chini polepole huku tunasikiliza uzito wa mwili umekaa wapi. Wangu wote ulikua mbele, visigino havijashika chini vizuri, nimesimama kama mtu anayetaka kukimbia. Akaja akachuchumaa, akanigusa chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo, na pande zote mbili za kisigino. "Dada, hapa pote pabebe, usiache hata sehemu moja."

Alafu mkono mmoja tumboni, mwingine kifuani. Wa kifuani ulikua unapanda na kushuka, wa tumboni umetulia tuli! Akaeleza kwamba chini ya mapafu kuna msuli, kiwambo, ukishuka tumbo linasogea mbele, lisiposogea ujue unapumulia juujuu. Tukavuta kwa puani hesabu 4, tukatoa hesabu 6, bila kulazimisha, na ukisikia kizunguzungu unaacha, unapumua kawaida. Ile ya kutoka ikiwa ndefu moyo unapunguza mbio, kuna neva inaitwa vagasi inayofanya hiyo kazi. Hapo ndo nilielewa, maana tangu msibani kila mtu ananiambia vuta pumzi, vuta pumzi mwanangu, na mimi nimejaa hewa hadi shingoni, kutoa ndo kulinishinda.

Machozi yakaja yenyewe. Mwalimu hakuniuliza kitu, akasema tu kwa sauti ya chini, rudi kwenye visigino, na nikarudi, na pumzi ikashuka hadi tumboni, mara ya kwanza tangu tumzike baba. Mpaka leo naamini mtu mwenye majonzi aanzie hapo, kwenye nyayo, hizo pozi za picha zitamngoja.

Usiku dadangu akanikuta barazani miguu peku nahesabu, akavua ndala akasimama kando yangu. Baada ya muda akasema, "Mbona mimi uzito wote uko huku nje?" Tukaziokota ndala zake tukazigeuza kwenye taa, kweli, zote mbili zimelika upande wa nje.