Fundi wa ngumi dhidi ya pandikizi la mtu: hesabu ya ulingoni

Ubishi wa kama bondia mdogo mwenye ufundi anaweza kumshinda pandikizi la uzito wa juu huanza na mfano usiofaa. Utasikia mtu anataja Kinshasa, 30 Oktoba 1974, pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Siku ile Ali alikuwa na kilo 98 na Foreman karibu 100, vimo vyao karibu sawa. Foreman alikuwa na ngumi nzito zaidi, lakini mdogo hakuwepo. Kisa kile kinafundisha mambo mengi, ila hili halimo.

Jibu langu ni kwamba mdogo anashinda, tena si kwa bahati, lakini udogo wenyewe una mpaka. Kama ana kilo 95 au zaidi na amezidiwa kilo 15 hadi 25, ufundi unaweza kuamua pambano. Akiwa chini ya kilo 85, ufundi humpa raundi nyingi bila kumpa uhakika wa kufika mwisho. Billy Conn alipanda ulingoni New York tarehe 18 Juni 1941 akitangazwa kuwa na kilo 79 hivi dhidi ya Joe Louis, bingwa wa uzito wa juu, wa kilo 90. Baada ya raundi 12 majaji wawili walimpa Conn uongozi, wa tatu aliwaweka sawa. Raundi ya 13 Conn akasimama kubadilishana ngumi badala ya kuendelea kuzunguka, na Louis akammaliza zikiwa zimebaki sekunde mbili. Raundi 12 za akili zilifutwa na dakika tatu za tamaa. Louis alikuwa na nafasi ya kukosea mara nyingi, Conn hakuwa nayo hata moja.

Kwa nini kilo zina uzito huo? Wengi hufikiria ngumi tu. Ni kweli ngumi ya mtu wa kilo 120 hupita hata kwenye kinga: unazuia kwa glavu, lakini glavu yako mwenyewe inakupiga usoni na miguu inahama. Kwa hiyo mdogo hawezi kutegemea kuzuia. Inabidi akwepe, na akwepe kidogo, kichwa kihame upana wa bega tu, ili mikono ibaki tayari kujibu. Lakini kinachowamaliza wadogo wengi ni kuegemewa. Mkubwa akikumbatia na kukulaza shingo, unabeba mwili wake kwa mgongo na mapaja, na kufika raundi ya sita miguu imekufa. Hivyo ndivyo Tyson Fury alivyomfanyia Deontay Wilder Februari 2020, kilo 124 kwa 105. Ngumi zilionekana na kila mtu, lakini kuegemea kulikuwa kumekwisha kumaliza nguvu za Wilder kabla hajasimamishwa raundi ya saba. Zamani zaidi, Miami, Machi 1934, Tommy Loughran, mmoja wa mafundi wakubwa wa enzi zake, alimkabili Primo Carnera akiwa amezidiwa karibu kilo 39. Alipoteza kwa pointi baada ya raundi 15. Kwa pengo kama hilo, kila kukumbatiana ni hasara ya yule mdogo.

Dawa yake ipo, ila inataka mazoezi ya makusudi. Mkubwa anapokuja kukumbatia, usiinamishe kiuno wala kuingiza kichwa kwapani mwake. Hapo umempa shingo aikalie. Simama wima, paji la uso likae kifuani kwake, mikono yako ipite ndani ya mikono yake na ishike misuli ya juu ya mikono yake, kisha geuza bega na utoke pembeni kabla refa hajasema muachane. Anayesubiri refa analipa kwa pumzi.

Sasa tumtazame Oleksandr Usyk, maana yeye ndiye darasa kamili la zama hizi. Riyadh, 18 Mei 2024: Usyk kilo 101, Fury kilo 119. Fury alimzidi kimo kwa karibu sentimeta 15, na urefu wa mikono kwa karibu 18. Usyk ni bondia wa mashoto, yaani husimama mguu na mkono wa kulia vikitangulia, na siku ile mambo mengi yalianzia kwenye mguu. Bondia wa mashoto akiweka mguu wake wa mbele nje ya mguu wa mbele wa mpinzani wa mkono wa kulia, ngumi yake ya kushoto inakuwa kwenye mstari wa kidevu, huku ngumi ya kulia ya mpinzani ikilazimika kuvuka mwili ndipo ifike. Kwa hiyo Usyk anahamia kuliani kwake mara kwa mara, hatua fupi, na kila hatua ni swali. Mkubwa akigeuka kuchelewa, anakula ngumi. Akigeuka mapema, anapoteza msimamo wa kupigia.

Jabu ya mdogo, yaani ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, nayo ina kazi tofauti. Kuilenga usoni kila mara ni kupoteza mkono, kwa sababu uso uko mbali na uko juu. Inatupwa kifuani, begani, hata kwenye glavu ya mbele ya mpinzani, ili kumfanya aanze kitu. Mdogo huingia wakati jabu ya mkubwa inarudi nyuma, kwa sababu mkono unaorudi hauwezi kupiga. Anapiga ngumi mbili hadi nne, moja lazima iwe ya mbavuni, halafu anatoka pembeni. Kosa la kawaida ni kutoka kwa kurudi nyuma moja kwa moja. Mwenye mikono mirefu hukudaka kwenye hatua ya pili, ukidhani umeshatoka.

Kosa jingine ni kuingia umeinama. Usyk mwenyewe aliadhibiwa kwa hilo katikati ya pambano: ngumi za Fury za mwilini na zile za kutoka chini kwenda juu zilimtikisa, na raundi ya sita alikuwa taabani. Alipona kwa sababu hakuacha kuhama, na raundi ya tisa ngumi ya kushoto ikafungua mlango. Fury akatupwa huku na huko kwenye kamba mpaka refa akamhesabia. Majaji wawili walimpa Usyk 115-112 na 114-113, wa tatu alimpa Fury 114-113. Desemba mwaka huohuo Fury alirudi, mizani ikisoma kilo 127, akapoteza kwa 116-112 kwa majaji wote watatu. Kilo za ziada hazikumsaidia kumkamata mtu anayehama.

Lakini usimwangalie Usyk ukasahau kwamba alijijenga taratibu. Pambano lake la kwanza la uzito wa juu, Oktoba 2019, alikuwa na kilo 97 na nusu. Alipokutana na Derek Chisora mwaka 2020 alikuwa 98 na nusu, na Chisora mwenye kilo 116 alimbana sana raundi za mwanzo kwa kumsukuma kambani na kupiga mwili. Kwa Anthony Joshua mwaka 2021 alifika kilo 100. Misuli inayoongezwa kwa pupa hula pumzi na kasi, vitu viwili ambavyo mdogo ndivyo alivyo navyo.

David Haye alithubutu zaidi. Nürnberg, Novemba 2009, kilo 99 dhidi ya Nikolai Valuev mwenye kilo 143 na kimo cha sentimeta 213. Alishinda kwa pointi kwa kupiga kidogo na kuondoka, na mkono wake wa kulia uliumia katika pambano hilohilo. Halikuwa pambano tamu kutazama. Mfano huu una masharti: Valuev alikuwa mzito wa miguu. Huwezi kuchukua hesabu yake ukampelekea Fury.

Roy Jones ndiye ninayemstaajabia kuliko wote. Machi 2003, Las Vegas, kilo 87 na nusu, akamshinda John Ruiz wa kilo 102 kwa pointi zisizo na ubishi. Kilichomgharimu kilikuja baadaye. Alirudi uzito wa kilo 79, akapita kwa taabu mbele ya Antonio Tarver Novemba mwaka uleule, na Mei 2004 Tarver akamzimisha raundi ya pili. Wengi tunaamini kuukata mwili uliokuwa umejengwa kulichangia.

Ukitaka kubashiri pambano la namna hii, anza na vipimo vya ulingo. Futi 16 kwa kila upande ni zawadi kwa mkubwa, kuanzia futi 20 mdogo ana pa kupumulia. Kisha, ikifika raundi ya tatu, acha kuangalia mikono. Tazama mguu wa mbele wa mkubwa. Ukiona anaupanga upya kila kabla ya kupiga, mdogo ameshamshika. Ukiona mdogo mgongo wake unagusa kamba zaidi ya mara mbili kwa raundi, weka pesa zako kwa yule mwingine.