Siku Moja Maishani Mwangu: Kulinda Uzio wa Mamba Mtoni Rufiji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimeshafika ukingoni mwa Mto Rufiji, kabla kina mama hawajaja na ndoo zao. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji. Wengi hudhani kazi yangu ni kuua mamba, ilhali muda wangu mwingi huishia kwenye uzio wa miti iliyochomekwa majini, ikizunguka mahali pa kuchotea maji ili mamba wasipafikie. Leo nimekuta kwenye tope nyayo mbichi na mburuzo wa mkia katikati yake, karibu kabisa na mahali ambapo maji yamechimbua shina la nguzo mbili. Hadi saa mbili tulikuwa tumekata miti mingine na kuikaza.

Saa tano nilikuwa shuleni, na adhuhuri nikaisaidia familia moja kujaza fomu za kifuta machozi, yaani fedha ambazo serikali huwapa waliojeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya wanyamapori.

Alasiri nikamkuta mzee mmoja nje ya uzio, maji yakiwa kiunoni, akivuta wavu.

"Shikamoo, babu. Tafadhali toka majini."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mamba wa Mungu hali mtu. Anayekula mtu ni wa kutumwa, na huyo hazuiliwi na vijiti vyako."

Maneno haya nayasikia karibu kila kijiji cha mtoni, nami siyabezi, kwa kuwa wanaoyasema wamezika watu wao. Nilimweleza kwamba mamba wa mita nne hujificha kwenye maji yasiyofika hata kiuno, kwamba ngozi ya taya zake huhisi mtikisiko mdogo wa maji, na kwamba huzoea mahali ambapo watu huja kila siku saa ile ile. Alinisikiliza huku akiendelea kuvuta. Jua lilikuwa limeshainama, miguu yangu imechoka, na kumwacha pale sikuweza. Mwishowe akasema kwamba mtumbwi wake unavuja, hana fedha ya kuutengeneza, na wavu usipovutwa leo samaki wataoza. Nikaazima mtumbwi kwa jirani, tukauvuta wavu pamoja tukiwa ndani ya mtumbwi huo, na giza likatukuta huko.

Usiku, nikiwa hoi, nikaandika taarifa kwa mtendaji wa kijiji: nyayo, nguzo, mtumbwi wa mzee, na kwa mara nyingine ombi la kutengenezewa pampu ya kisima, maana anayechota kisimani hana sababu ya kushuka mtoni.