Tumeifungulia saloni uani

Nyumba yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma, chumba baada ya chumba, kadiri mshahara ulivyoruhusu. Saloni, yaani sebule ya wageni, aliielekeza barabarani. Nyuma yake ukuta mtupu, hata dirisha hamna. Na maisha yote yako uani: mwembe, mbabula (jiko la makaa), kamba za nguo, wajukuu. Akija mgeni, mama anafuta mikono, anazunguka nyumba, anakaa naye gizani huku moyo uko kwenye chungu. Basi ndugu zangu walipokubali tuikarabati, nilishikilia jambo moja: ukuta ule utobolewe, na nyuma ijengwe barza pana.

Uani kwetu ni kaskazini, na hiyo ni neema. Lubumbashi iko karibu digrii 11.7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, kiasi cha digrii 55 tu kutoka upeo wa macho. Desemba linahamia kusini, karibu na utosi. Kwa hiyo barza ya kaskazini inaota jua wakati wa baridi, na masika ina kivuli. Tuliinua paa lake kidogo ili jua la Juni lifike hadi ndani. Inaniuma kuona watu wanajenga kwa kufuata barabara tu, jua hawaliulizi.

Ukuta ule ulikuwa umebeba paa. Fundi aliegemeza miti kwanza, akakata, akamwaga linto ya zege yenye nondo, yaani boriti ya kubeba uzito juu ya uwazi, ncha zake zikiingia vizuri ukutani pande zote mbili. Mdogo wangu alitaka miti iondolewe wiki ileile. Fundi akamwambia, "Papa, acha zege ikomae." Nilimheshimu sana kwa hilo, maana zege huhesabiwa siku 28 kufikia nguvu yake.

Sakafu ya barza iko chini kidogo ya ile ya saloni, tena inainama kuelekea uani, sentimita 2 kwa kila mita, maana mvua za hapa hazibishi hodi. Panapodondokea maji ya paa tumemwaga kokoto, udongo mwekundu usirukie ukuta. Fremu za milango ni za chuma kwa sababu ya mchwa, haohao ambao vichuguu vyao hutupa udongo mzuri wa matofali.

Mbabula tumeipa nafasi yake nje ya paa, hatua chache kutoka barza. Hapo sikubali mjadala. Usiku wa Juni na Julai watu wanaingiza makala (makaa) ya moto ndani na kufunga mlango, na gesi yake haina harufu wala rangi. Inaua watu wakiwa usingizini. Tafadhali, hata baridi iwe kali vipi, makala yabaki nje.

Siku hizi mama anasonga bukari, ugali wetu, huku anaongea na mgeni aliyekaa saloni, na mgeni akitaka anamfuata uani.

Imebaki rangi. Mama anataka nyeupe yote. Dada yangu, anayelijua vumbi la Agosti, anataka rangi ya udongo hadi usawa wa kiuno, nyeupe ianzie juu. Mimi niko na dada.