Paka wa daka la jirani

Leo ni siku ya ishirini na mbili. Nahesabu kwa sababu kila nikitoka alfajiri namkuta paka pale pale, kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, la jirani hapa mtaa wa Langoni, Lamu, amejikunja chini ya mlango uliofungwa kufuli. Jirani alipata uhamisho wa kazi, punda wakabeba godoro, meza na friji mpaka gatini, akapanda boti ya Mokowe, upande wa bara, akaenda zake. Paka akabaki.

Kinachoniumiza ni vile anavyosikiliza. Vichochoro vyetu vyembamba, hatua za mtu unazisikia kabla hujamuona, basi kila zikisikika huyu paka anainua kichwa, masikio yanageuka upande ule, anasimama kabisa mkia juu, halafu mtu anapita, siye, anakaa tena taratibu. Nimemuona akifanya hivyo mara sita na kikombe changu cha kahawa hakijaisha. Nikimuwekea dagaa hagusi mpaka usiku.

Shangazi akaniambia, "Muwate, paka wa Lamu hafi njaa, atashuka sokoni." Sote tumekua na kauli hii, na mimi naona ndiyo inayotufanya tuwatupe bila kujiona tumetupa. Hebu simama soko la samaki asubuhi uangalie. Wale wamezaliwa pale, wanajuana, wanajua muuzaji yupi anatupa utumbo na yupi anamwaga maji. Sasa umshushe pale paka aliyezoea kulishwa kwa sahani, atapigwa na wenyeji, atakimbilia kwenye gofu la nyumba na atafia humo kimya kimya, hatumuoni, ndo tunasema hafi njaa.

Nikamkumbusha shangazi hadithi ya Mtume ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Akanijibu haraka, yule alimfungia, huyu kaachiwa ajitafutie. Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Lakini mwanamke yule hakumlisha paka wala hakumuacha ale vya ardhini, yaani alimzibia njia zote, na sisi tukimlea mnyama mkononi tangu mdogo, hajawahi kukamata hata mjusi, kisha tukamtoa nje tukafunga, si tumemzibia vile vile? Mimi si mwanachuoni, ila moyo wangu umetulia hapo.

Na mimi nilishawahi kutupa. Nilikuwa na miaka tisa, bibi akanipa kikapu cha vitoto vitatu niviache sokoni, macho ndo kwanza yanafunguka. Ukubwani ndo nikajua macho hufunguka wiki ya kwanza au ya pili, umri huo hawezi kula samaki, ananyonya tu. Niliviweka chini ya meza ya muuza pweza nikakimbia, mpaka leo nikipita pale natazama chini.

Bibi hakuwa katili, alichoka. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, anabeba kama siku 63 hivi, anazaa, ananyonyesha, anashika tena. Ukimfunga kizazi mara moja kile kikapu hakitoki nyumbani. Najua wapo wanaosema ni kuingilia riziki ya Mungu, nawaheshimu, lakini vitoto vya chini ya meza vinaniambia vingine.

Kinachonishangaza, kwa punda tunaelewa. Kile kituo cha punda kiko hapa tangu 1987, punda akiumwa anapelekwa anatibiwa bure na hakuna anayecheka. Lakini mtu akienda kwenye kliniki ya paka na mfuko wa dagaa anaonekana hana kazi, wakati wanaolea paka waliotupwa wanahitaji vitu tulivyo navyo ndani, taulo zilizochakaa, maboksi, mchele, na zaidi ya yote nyumba ya kumshikia paka wiki mbili tatu mpaka apate mwenyewe. Laiti jirani angeuliza mapema, mwezi mmoja kabla ya kuhama, tungemtafutia mtu.

Jana nilimpigia simu. Hakukasirika, alinyamaza tu, kisha akauliza, "Bado yuko mlangoni?" Nikamwambia yuko. Akasema nilidhani atasahau.

Usiku huu kaingia kwangu kwa mara ya kwanza, kala, kalala juu ya kikoi changu. Hatua zikipita nje bado anainua kichwa. Kesho asubuhi nampeleka kliniki, kikapu kiko tayari, nimekitandikia taulo.