Kama Unanipenda, Nipe Simu Yako

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Waamuzi 16:4-21. Lisomeni lote kabla ya kukutana, na msikimbilie kwenye kunyolewa nywele. Kazi yote imefanyika kabla ya pale.

Delila anauliza mara tatu, na mara tatu Samsoni anamdanganya: kamba mbichi, kamba mpya, vishungi saba vya nywele. Mara ya nne mama huyu anabadilisha swali. Anamuuliza awezaje kusema anampenda ilhali moyo wake hauko naye, kisha anamsumbua kwa maneno kila siku mpaka roho ya Samsoni inadhikika hata kufa (mst. 16). Kule Timna mkewe alimlilia siku za karamu kwa maneno kama hayo, wewe hunipendi, unanichukia tu, na siku ya saba akapewa jibu la kitendawili (14:16-17). Tazameni jambo moja: kwa Delila, Samsoni ama anadanganya ama anatoa kila kitu. Hakuna mahali anapomwambia, "Hilo sikuambii." Shujaa wa kung'oa malango ya Gaza, na neno hilo dogo limemshinda!

Sasa tuje sebuleni. Hapa Kisumu, kuanzia Migosi hadi Nyamasaria, jioni ugali ukisongwa, tamthilia ya mapenzi iko hewani. Kijana ana wivu, anampokonya msichana simu, anapekua ujumbe, muziki laini unapanda, msichana anatabasamu. Vijana wetu wanajifunza kwamba asiye na wivu hapendi. Jaribuni hivi nyumbani: onyesho kama hilo likianza, zimeni sauti kwa dakika mbili. Utabaki na mwanamume anayempokonya mtu simu na kupekua ujumbe wake. Utamu wote ulikuwa kwenye kinanda. Kumbukeni pia kwamba kipindi cha Jumatatu hadi Ijumaa kinaishi kwa ugomvi usioisha. Msichana akiuliza, "Yule dada ni nani?" na akajibiwa ukweli, Jumanne hakuna cha kuonyesha.

Kwa anayeteswa na hofu ya kuachwa: kukagua hakuponyi. Ukiona simu yake leo utatulia hadi ujumbe mwingine uingie, kisha utataka kujua yuko wapi saa hii, kisha taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Hofu iliyolishwa hurudi na njaa zaidi. Itaje kwa jina lake: "Ukikaa kimya siku nzima, naogopa umenichoka." Sema mara moja, kisha sikiliza jibu. "Ulikuwa na nani?" ni swali la askari, na hujibiwa kama la askari.

Kwa anayebanwa: weka mpaka. Sema usichotaka, unachoweza kutoa, na utakachofanya. "Simu yangu haipekuliwi. Ukiwa na swali uliza, nitakujibu. Ukiinyakua, nitaenda nyumbani, tutaongea kesho." Basi, nyamaza. Wengi huharibu hapa kwa kueleza mno. Kila sababu unayotoa inageuka kesi mpya ya kujibiwa. Wengine hutishia wasichoweza kutenda, na mara ya tatu hakuna anayewasikiliza. Na kuna hili tunalolisikia hata kwa waimbaji: "Mpaka wangu ni kwamba usiongee na wanaume wa kwaya." Hiyo ni amri. Mpaka hueleza nitakachofanya mimi.

Wenye ndoa watauliza kuhusu mwili mmoja. Wanandoa waliokubaliana kwa amani kujuana pini, wana heri. Kulazimishwa ni jambo jingine. Vilevile, mwenye mchepuko asijifiche nyuma ya fundisho hili.

Wazee wa jumuiya, la mwisho ni lenu. Dada au kaka akija kusema alikataa kutoa simu akapigwa, au anafuatwafuatwa hadi stendi ya matatu, msimsomee 1 Wakorintho 13 na kumrudisha akavumilie. Wala msiwaite wawili hao kikao kimoja, kwa maana atakayosema mbele yenu atayalipia nyumbani. Sheria ya Kenya ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja kumfuatafuata mtu na kumtesa kihisia, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Mpigieni pamoja naye 1195, namba ya msaada kwa walioteswa na ukatili wa kijinsia, haina malipo, na mmoja wenu aandamane naye hadi dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi.