Volti za RAM hazitoki ukutani

RAM nilizonunua, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni Corsair Vengeance LPX, kizazi cha DDR4, mbili za GB 8. Ubavuni zina kibandiko chenye maandishi madogo ya kukodolea macho: 3200MHz, na pembeni yake 1.35V. Siku ya kuwasha niliingia BIOS, ile sehemu ya mipangilio ya bodi mama, bodi ikaniandikia kasi ya 2133 na volti 1.20. Aliyetoka kulipia 3200 akiona hivyo lazima aanze kumtafuta muuzaji kwenye simu, na wangu yuko Kariakoo, mzigo ulishapanda basi hadi stendi ya Nane Nane hapa Mbeya na kwa gari haurudi kirahisi.

Muuzaji hana kosa hapo. Kila RAM ina kachipu kadogo kanakobeba taarifa zake, kanaitwa SPD. Ndani yake kuna mipangilio ya kawaida inayofuata viwango vya JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya RAM, ambayo kwa DDR4 ni volti 1.2, halafu kuna mpangilio wa pili ambao kiwanda kimeupima chenyewe na kuuhifadhi. Huo wa pili ndio XMP, ulibuniwa na Intel tangu enzi za DDR3. Bodi ikiwaka mara ya kwanza inachukua ule wa kawaida, kwa sababu ndio wenye uhakika wa kuwaka na prosesa yoyote inayoendana nayo. Ile 3200 uliyolipia imelala pale inasubiri uiamshe. Kwenye bodi za ASUS za prosesa za AMD usihangaike kutafuta XMP, wameiandika D.O.C.P.

Kabla sijaiamsha nilimpigia fundi mmoja wa Mwanjelwa ninayemheshimu, ameniokolea simu na laputopu nyingi. Akanijibu bila hata kufikiri: "Dada, acha hapohapo kwenye 1.2. Umeme wetu huu wa kuyumba, ukipandisha volti utaunguza RAM." Hapo ndipo niliposhindwa kukubaliana naye, na ndiyo sababu ya kuandika haya, maana ushauri huo nimeusikia kwa watu wengi wanaounda kompyuta yao ya kwanza.

Kwenye soketi kuna volti 230. Pawasaplai inazipokea, inatoa 12, 5 na 3.3. Bodi nayo ina saketi zake karibu na nafasi za RAM zinazoshusha tena hadi 1.2 au 1.35, na kazi yake ni kushikilia namba hiyo muda wote. Umeme wa ukutani ukishuka hadi 200, pawasaplai nzuri inafidia na RAM haijui kitu. Ukishuka zaidi, kompyuta inazima. Haiwezekani ule mtikisiko wa mvua za Machi hapa Uyole ukapenya hadi kwenye RAM kwa sababu tu umeandika 1.35 badala ya 1.20. Stebilaiza na UPS nunua, mimi ninayo UPS, lakini unainunua kwa ajili ya pawasaplai na diski, na kwa ajili ya kazi ya mteja isipotee katikati ya kuhifadhi.

Sasa kwa nini 3200 ya RAM kama hizi idai volti zaidi? Konda wa daladala akisimama kituoni hana haja ya kupiga kelele, anasema "Iyunga" na abiria wanasikia. Gari likipita bila kusimama, lazima apaze sauti, la sivyo hakuna atakayejua linakwenda wapi. RAM ikikimbia, kila ishara inapata muda mfupi zaidi wa kutofautisha sifuri na moja, na volti kidogo juu ndiyo inayoifanya isomeke. Ukiweka 3200 kwa mkono halafu ukaacha volti 1.20, ndipo unapoweza kupata kompyuta inayowaka vizuri, kisha programu inajifunga yenyewe katikati ya kazi na hujui ulaumu nini.

Na 1.35 si namba ya kutisha. Kikomo cha JEDEC ambacho DDR4 haitakiwi kuvuka ni 1.5. Kwa DDR4 za 3200 zenye XMP, 1.35 ni namba ya kawaida kabisa. Joto linaongezeka kidogo, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai sijui nani atalalamika.

Kwangu kasi hiyo ilikuwa na maana. Nahariri video za sendofu na harusi, na prosesa yangu ni Ryzen 5 5600G ya AMD, naitumia bila kadi ya picha pembeni. Sehemu yake ya picha inakopa RAM ileile, kwa hiyo RAM ikizubaa, picha nazo zinazubaa.

Nikawasha D.O.C.P., nikahifadhi, kompyuta ikajizima na kujiwasha, kioo kikabaki cheusi. Usichomoe waya. Bodi inafanya mazoezi na RAM, inajaribu namna ya kuelewana nayo, na inaweza kurudia kabla ya picha kutokea. Ikishindwa kabisa, bodi nyingi zinarudi zenyewe kwenye 2133, na isiporudi, hapo sasa unazima na kuchomoa waya wa umeme, unatoa ile betri ya duara, CR2032, unasubiri kidogo, unairudisha. Yangu iliwaka. BIOS ikaonyesha 3200 na volti 1.36. Hiyo 0.01 ya juu ni usomaji wa bodi tu, usianze kuichokonoa. Usiku nikaiachia MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, asubuhi hakuna kosa hata moja.

Wenye DDR5 hesabu zao ni nyingine: mwanzo ni volti 1.1, na ile saketi ya kurekebisha volti imehamia kwenye RAM yenyewe. AMD nao, tangu Ryzen 7000, mpangilio wao wanauita EXPO.

Ninaowahofia hasa ni wanaonunua mashine za ofisi zilizotumika, zile za DDR3. Hapo volti inaweza kukuumiza kweli. DDR3 ya kawaida ni 1.5, DDR3L ni 1.35, na kwa macho zinafanana, zina pini 240 zote na zinaingia nafasi moja. Prosesa za Intel za kizazi cha sita zinazotumia DDR3 zilitengenezwa kwa DDR3L, na kuzilisha volti za juu kwa muda mrefu kunaweza kuharibu sehemu ya prosesa inayoongea na RAM. Muuzaji akikwambia "zote DDR3 tu, mdogo wangu", mwombe aigeuze usome mwenyewe. Inayofaa imeandikwa PC3L.