Nafasi Tano za Jina

Juma hili nimeshughulika na kazi ambayo ofisini kwetu huonekana kuwa ya karani tu, yaani kusajili fafanuzi za faili (maelezo ya jinsi kila faili ilivyopangwa) katika programu ya kusimamia data za majaribio, ile inayochukua nakala ya data halisi, kuficha majina na siri nyingine, kisha kuwapa watengenezaji wa programu waijaribie kazi zao. Mimi naamini kwamba hapa ndipo siri ya mteja inapohifadhika au kuvuja, kwa kuwa programu haiwezi kuficha jina ambalo haijaambiwa lilipo.

Hifadhidata hujieleza yenyewe: programu ikiunganishwa nayo husoma majedwali, safu na aina za data bila kumuuliza mtu. Faili ya maandishi ni mfululizo wa herufi tu, na ni juu yetu kueleza iwapo sehemu zake zimetenganishwa kwa mkato au zina upana maalumu, iwapo mstari wa kwanza ni vichwa au ni rekodi, na tarehe zimeandikwa kwa mpangilio gani.

Faili niliyokaa nayo zaidi ni ya mizigo inayopitia bandari ya Mombasa, na kila sehemu yake ina upana wake: nafasi 11 za namba ya kontena, kisha jina la mwenye mzigo, nafasi 11 za PIN ya kodi, 12 za simu inayoanza na 254, na mwishoni maelezo ya mzigo, ambayo hayafichwi. Hati tuliyokabidhiwa ilisema jina lina nafasi 35. Nilipoifungua faili yenyewe kwa herufi za upana sawa, niliona PIN zote zinaanzia nafasi tano mbele ya pale hati inapoelekeza. Mama mmoja wa kitengo cha nyaraka aliitazama kidogo akasema, “Mwanangu, majina ya kampuni yalikuwa yakikatwa, ndiyo maana nafasi zikaongezwa zikawa 40.”

Lau tungeifuata hati, programu ingemaliza kazi bila kulalamika, kwa kuwa sehemu zote zilisajiliwa kuwa maandishi, lakini tarakimu tano za mwisho za kila simu zingeangukia kwenye maelezo ya mzigo na kuwafikia watengenezaji zikiwa wazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza data iliyokusanywa kwa lengo moja kutumiwa kwa lengo lisilopatana nalo, na aliyetoa simu yake ili aarifiwe kuhusu mzigo wake hakuitoa ili ijaribiwe programu.

Namba ya kontena nayo ina masharti yake. Kwa ISO 6346, kanuni ya kimataifa ya namba za kontena, ni herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na hizo kumi zilizotangulia. Ukiibadilisha ovyo, mfumo unaojaribiwa utaikataa kabla jaribio halijaanza.

Nimependekeza kila ufafanuzi usajiliwe pamoja na toleo, tarehe na jina la mtu anayeijua faili, na kwamba matokeo ya kwanza yapitiwe na kitengo cha nyaraka kabla ya kutoka. Ufafanuzi wa nafasi 35 sikuufuta. Nimeusajili kuwa toleo la zamani, kwa sababu kumbukumbu za kabla ya mabadiliko hayo husomeka kwa huo peke yake.